Mchepuko wangu umezidi wastani, nifute namba zipi?

Swali

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, na utafiti wangu unahusu muda ambao wagonjwa husubiri kabla ya kuonana na daktari. Nilipima watu 12, na dakika walizosubiri ni 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 14, 58 na 96. Wastani ukatoka 20 na mchepuko sanifu 28. Nilimlipa mtu wa kuchambua data, akaniambia mchepuko ukizidi wastani ujue data imeharibika, akaondoa 58 na 96. Sasa wastani ni 8.6, mchepuko 3.2, na grafu inapendeza. Shida ni kwamba wale wawili nawakumbuka. Walifika wakati wa kubadilishana zamu na kweli walikaa muda wote huo. Je, alichofanya ni sahihi? Na kama si sahihi, nifanyeje na grafu ya kwanza, ambayo kijiti chake cha kuonyesha mchepuko kilishuka chini ya sifuri?

Jibu

Marahaba. Si sahihi, na namba hizo zirudishe leo. Hesabu zako nimezirudia moja moja na zote ziko sawa, kwa hiyo sina haja ya kukufundisha kukokotoa. Tatizo ni ile sentensi uliyouziwa. Kila msimu wa kukabidhi tafiti hunijia kwa sura mpya: "data yangu imechafuka", "mchepuko umegoma", "naomba unishushie mchepuko kidogo". Unishushie! Kana kwamba ni homa.

Mchepuko sanifu hupima jambo moja: namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Watu wote wakisubiri muda unaokaribiana, utakuwa mdogo. Wengine wakiitwa upesi na wengine wakisahaulika kwenye benchi, utakuwa mkubwa. Utawanyiko huo umetokea kule ulikopimia, na ulikuwepo kabla hujafika na saa yako. Anayekwambia data imeharibika kwa sababu imetawanyika ni sawa na fundi anayesema mizani ni mbovu kwa sababu mizigo haina uzito mmoja.

Kitu cha kukushtua kipo, ila si hicho. Toa 28 kwenye 20 unapata pungufu ya sifuri kwa dakika nane, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuonana na daktari dakika nane kabla ya kufika. Programu ilichora kijiti kile chini ya sifuri kwa sababu haijui inapima nini. Imeambiwa itoe, ikatoa. Kwa kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, mchepuko ukizidi wastani maana yake ni moja: namba nyingi zimejazana upande wa chini, na chache zimevuta mkia mrefu kwenda juu. Muda wa kusubiri uko hivyo karibu siku zote. Mapato ya watu yako hivyo, na siku za kulazwa hospitalini pia. Ile kanuni mnayokariri, kwamba takriban asilimia 68 ya namba huangukia ndani ya mchepuko mmoja wa wastani, ni ya data yenye umbo la kengele, yaani iliyojazana katikati na kupungua sawasawa pande zote mbili. Kwako wewe nafasi hiyo ni kuanzia pungufu ya 8 hadi 48, imebeba watu 10 kati ya 12, yaani asilimia 83, na sehemu yake ya chini ni mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kufika.

Sasa tazama wastani wenyewe. Ukiandika kwamba mgonjwa wa kawaida husubiri dakika 20, utakuwa umemwelezea mtu ambaye hayupo. Kati ya dakika 14 na 58 huna mtu hata mmoja. Watu kumi wamesubiri chini ya wastani, wawili wameupita kwa mbali, na hao wawili peke yao wamebeba dakika 154 kati ya 240 ulizopima. Namba ya kati, ile inayowagawa watu wako sita huku na sita kule, ni 9.5. Nusu ya katikati ya wagonjwa wako imesubiri kati ya dakika 6.5 na 13. Hayo ndiyo yanayomwelezea mgonjwa wa kawaida, na angalia yalivyo na msimamo: hata baada ya mtu wako kufyeka, namba ya kati imesogea kutoka 9.5 hadi 8.5 tu, wakati wastani umeporomoka kutoka 20 hadi 8.6.

Hapo wengi huruka upande wa pili na kusema basi wastani tuutupe. Polepole. Mkuu wa kituo akitaka kujua aweke viti vingapi, ni wastani utakaomjibu, maana idadi ya watu wanaokuwa wamekaa kwa wakati mmoja, kwa kawaida, ni sawa na kasi ya watu kuingia mara wastani wa muda wanaosubiri. Mpe 8.6 badala ya 20, ataweka viti chini ya nusu ya vinavyohitajika. Kila kipimo kina swali lake, na kosa ni kukipeleka kujibu swali la mwenzake.

Hata namba ya kati ina watu wanaoitumia vibaya. Mwaka 1982 Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Marekani, aliambiwa ana mesothelioma, saratani inayohusishwa sana na vumbi la asibesto. Machapisho ya wakati huo yalisema namba ya kati ya muda wa kuishi baada ya kugundulika ni miezi minane. Wengi wangesoma hapo "nimebakiza miezi minane". Yeye alizijua namba, akasoma kilichoandikwa: nusu ya wagonjwa huishi zaidi ya hapo, na nusu hiyo ina mkia mrefu unaoenda miaka mingi mbele. Akatafuta sababu za kujiweka kwenye mkia. Alifariki mwaka 2002, kwa saratani nyingine. Angekuwa kwenye data ya yule uliyemlipa, angefutwa.

Je, namba iliyojitenga haifutwi kamwe? Hufutwa ikithibitika kwamba haikutokea. Umeandika 960 badala ya 96. Umeandika sekunde kwenye safu ya dakika. Mgonjwa mmoja ameingizwa mara mbili. Hapo unasahihisha au unaondoa, na unaandika kwenye ripoti kwamba umeondoa nini na kwa nini. Kuna kanuni inayotumiwa kwenye grafu ya kisanduku, ile inayochora nusu ya katikati kama kisanduku, aliyotuachia mwanatakwimu John Tukey: chukua upana wa ile nusu ya katikati, zidisha kwa moja na nusu, jumlisha kwenye ukomo wa juu wa nusu hiyo. Kwako ni 13 kujumlisha 9.75, yaani 22.75, kwa hiyo 58 na 96 zinachorwa peke yake kama nukta. Kanuni hiyo inanyoosha kidole ili ukaangalie. Walioigeuza kuwa panga ni hawa wachambuzi wa kulipwa wanaoahidi "matokeo safi ndani ya saa 24". Wewe tayari umeangalia, umeambiwa na macho yako mwenyewe kwamba ni zamu iliyokuwa ikibadilika. Utafiti wako ni wa kusubiri! Umewapata wawili waliosubiri kweli, halafu umelipa mtu awatoe.

Ipo hila ya pili ambayo huenda ukaletewa ukikataa ya kwanza, na hii ndiyo inanikera zaidi maana inafanywa bila kufuta chochote. Mtu atakwambia tumia kosa sanifu badala ya mchepuko sanifu. Ni kuugawa mchepuko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: 28 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 12 ni kama 8.1. Vijiti vimekuwa vifupi, hakuna kilichovuka sifuri, kila mtu anapumua. Lakini hivyo ni vitu viwili tofauti. Kosa sanifu linasema wastani wako unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani ukichukuliwa kama makadirio ya wagonjwa wote. Ukipima watu wengi zaidi litapungua. Mchepuko sanifu unasema wagonjwa wenyewe wanatofautiana kiasi gani, na hata ukipima elfu kumi hautapungua kwa sababu ya wingi wao. Kwa mtu anayetaka kujua wagonjwa wanateseka kwa namna gani, 8.1 haimwambii kitu. Nimeshaona grafu nyingi ambazo hazisemi kijiti ni kipi kati ya hivyo viwili. Grafu ya namna hiyo usiisome, iruke.

Kuhusu grafu yako, jibu ni fupi: usichore nguzo. Una namba 12. Chora mstari mmoja kutoka 0 hadi 100, weka nukta 12, basi. Kila atakayeitazama ataona kundi kushoto na wawili wamekaa mbali, na hakuna sifuri itakayovukwa. Nguzo yenye kijiti imechukua watu 12 ikawageuza namba mbili, kisha ikakudai wino mwingi zaidi kwa kazi hiyo.

Na kwa kuwa wengi wenu mtasimama mbele ya grafu za wengine kabla ya kuchora zenu, anzeni kusoma pembeni kabla ya kutazama umbo. Kwenye grafu ya nguzo jicho hupima urefu, hivyo mhimili wima lazima uanzie sifuri. Ukichora 50 na 52 huku mhimili ukianzia 49, nguzo ya pili inaonekana ndefu mara tatu ya kwanza kwa tofauti ya asilimia 4. Grafu ya mstari haina sharti hilo, kwa sababu jicho linafuata mteremko. Joto la mwili likichorwa kuanzia sifuri, mgonjwa mwenye homa kali ataonekana kama mzima. Kwa hiyo msinirushie ile kauli ya jumla kwamba kila grafu isiyoanza na sifuri ni ya uongo.

Naletewa pia barua za mstari mmoja: "wastani ni huu, mchepuko ni huu, unaonaje?" Sioni kitu. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja nukta 11. Zote nne zina wastani wa 9 kwa kipimo cha kwanza na 7.5 kwa cha pili, michepuko inayolingana, na uhusiano wa 0.816, yaani kipimo cha jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja, ambacho kikomo chake ni 1. Zichore. Moja ni wingu la kawaida linalopanda, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne ni nukta kumi zimepangana wima na moja imesimama mbali ikiuvuta mstari mzima peke yake. Anayechambua bila kuchora hawezi kuzitofautisha, na wanaouza uchambuzi kwa haraka hawachori mpaka mwisho, wakati wa kupamba ripoti.

Kufuta namba kuna upande mwingine ambao watu hawaushuku, kwa sababu zinazoachwa si zile mbaya. Januari 1986, kabla ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kurushwa, wahandisi walijadili kama baridi inadhuru pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi zake. Katika kulinganisha joto na madhara zilitazamwa safari zilizopata madhara peke yake. Ukizipanga hizo huoni mwelekeo wowote. Nyingine zilitokea kwenye baridi, nyingine kwenye joto. Safari ambazo hazikuwa na tatizo ziliwekwa kando, maana zingesema nini? Tume iliyochunguza ajali ilizirudisha zote, na picha ikawa nyingine: safari 20 za joto la nyuzi 66 za Farenhaiti na kuendelea, yaani kama 19 za Selsiasi, zilikuwa na madhara 3 tu, na safari zote 4 za nyuzi 63 kushuka chini zilikuwa nayo. Asubuhi ya tarehe 28, siku ya kurushwa, kulikuwa na baridi iliyokaribia kuganda. Chombo kilisambaratika angani, wakafa watu saba.

Kwenye ripoti yako andika hivi: wagonjwa 12 walisubiri kati ya dakika 4 na 96, namba ya kati ikiwa 9.5, kumi waliitwa ndani ya dakika 14, na wawili waliofika wakati wa kubadilishana zamu walisubiri dakika 58 na 96. Weka na wastani wa 20 kwa ajili ya mwenye kupanga viti. Kisha, kama muda unaruhusu, rudi ukapime tena saa hiyohiyo ya zamu, kwa sababu watu wawili ni dalili tu. Na yule uliyemlipa, muombe faili la awali lenye namba zote 12 kabla hajahifadhi jipya juu yake.