Mbweha wa mikia tisa hajui kama umekaukiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kuna sloti, kamari ya kuzungusha picha, naicheza kwenye simu, ina mbweha mweupe wa Kijapani mwenye mikia tisa, malango mekundu na taa za karatasi. Kwenye maelezo wameandika RTP 96%, yaani asilimia ya madau inayorudishwa kwa wachezaji. Juzi usiku nilizungusha mara 400, kila mzunguko shilingi 200. Kwa hesabu yangu ningepoteza 3,200 tu, lakini zimekwenda 41,000, na ni hela ya mtaji. Je, nimeibiwa? Mwenzangu anasema mashine ikikauka hivyo iko karibu kutema, hasa kuanzia saa nane usiku, nisije nikamwachia mwingine afaidi. Kuna mwingine ananiuzia programu ya kutabiri kwa 30,000. Nishauri kabla sijarudi kuzitafuta hizo 41,000.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kurudi, na umefanya vizuri zaidi kuniletea namba zenyewe. Mimi ni mtu wa programu, na kwa muda kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu za michezo ya namba nasibu, yaani namba zinazochotwa kwa bahati, kwa hiyo nitakujibu kwa hesabu.

Kuzidisha kwako hakuna kosa. Mizunguko 400 kwa shilingi 200 ni 80,000, na asilimia nne ya hiyo ni 3,200. Tatizo ni kwamba ile 96 hukuahidiwa wewe. Ni wastani wa mamilioni ya mizunguko ya wachezaji wote, na ndani ya wastani huo zimo zawadi kubwa ambazo wengi hawazioni kabisa.

Chukua mchezo wa mfano, nimeutunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Zawadi ndogondogo zinarudisha nusu ya kila kinachochezwa. Halafu kuna zawadi moja kubwa inayolipa mara 460 ya dau, nayo hutokea kwa wastani mara moja katika mizunguko 1,000. Gawanya 460 kwa 1,000 unapata asilimia 46, ongeza ile 50, jumla 96. Tangazo halijadanganya hata senti. Sasa waweke watu 100, kila mmoja azungushe mara 400 kama wewe. Watu 67 hivi hawataiona zawadi kubwa hata mara moja. Hao watabaki na zawadi ndogo tu, na kila mmoja atakuwa amepoteza karibu 40,000 kati ya 80,000 alizozungusha. Wewe umepoteza 41,000. Michezo halisi ina ngazi nyingi za zawadi kuliko mfano wangu, lakini umbo lake ni hilohilo: wachache wanabeba mafungu makubwa, na mafungu hayo ndiyo yanayoipandisha namba ya tangazo. Kwa hiyo kupoteza 41,000 peke yake si ushahidi wa wizi. Ndivyo mchezo wa aina hiyo unavyomfanyia mtu wa kawaida usiku wa kawaida.

Kuna jambo jingine katika ile 96 ambalo watu hawaelezwi. Inahesabiwa juu ya kila dau, si juu ya hela uliyoweka. Ukiweka 10,000 ukaizungusha yote, kwa wastani unabaki na 9,600. Watu hawaishii hapo, wanaizungusha tena hiyo 9,600, na tena. Ikishapita mara kumi imebaki kama 6,650. Ikipita mara hamsini imebaki kama 1,300. Kwa dau lako la 200 na mzunguko mmoja kila sekunde nne, mara kumi ni nusu saa hivi, na mara hamsini ni kama dakika sabini na kidogo.

Sasa hilo la kukauka na kutema. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu mwenzako si mjinga. Anachokisema ni kweli kabisa ziwani. Wewe unawajua wavuvi wa dagaa: mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa sababu taa haivuti dagaa juu ya maji yenye mwanga. Giza likirudi, dagaa wanarudi. Siku kumi za ukame zina maana, maana mwezi unatembea na kila usiku unaopita unalisogeza giza karibu. Mtu aliyezaliwa Igombe au Ukerewe amejifunza tangu utotoni kwamba anayesubiri hupata, na anayeondoka mapema humwachia mwenzake ndoo zake. Ziwa lina kumbukumbu. Mahali palipovuliwa sana jana, leo pana upungufu. Mahali palipopumzishwa pana samaki.

Programu ya sloti haina kumbukumbu ya namna hiyo. Kila ukibonyeza, inachota namba mpya, na namba hiyo haijui kama mizunguko 400 iliyotangulia ilikuwa mikavu au ilijaa. Katika mfano wangu, kabla hujaanza ulikuwa na nafasi kama 33 kati ya 100 ya kuiona zawadi kubwa ndani ya mizunguko 400. Baada ya kukaukiwa mara 400, nafasi yako katika 400 zinazofuata ni ileile 33 kati ya 100. Haijasogea. Na huyo unayeogopa atakufaidi ukiondoka, yeye na wewe hamchezi kwenye debe moja. Maelfu wanaweza kuucheza mchezo huo kwa wakati mmoja, na kila mmoja anachotewa namba yake.

Saa nane usiku haina lake. Mbonyezo wako unasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, namba inachotwa huko, matokeo yanaandikwa huko, ndipo simu yako inapoletewa picha ya kuonyesha. Mikia inapozunguka kwenye kioo, jibu limeshapatikana zamani. Ndiyo maana kubonyeza kitufe cha kusimamisha hakubadilishi kitu, simu mpya haisaidii, na bando likikatika ukiwa kwenye kivuko katikati ya maji, matokeo ya mzunguko ule unayakuta kwenye historia ya akaunti yako mtandao ukirudi. Hata mbweha wa tatu anapoteleza kidogo tu chini ya mstari ukashika kichwa, hukukaribia. Ni picha ya jibu la hapana, imechorwa ikae jirani na ndiyo.

Jambo hilo lina historia. Mashine za mwanzo, kama ile ya Charles Fey wa San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu matatu ya chuma, na uliloliona kwenye gurudumu ndilo lililokuwamo. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani ya mashine ambayo namba nasibu ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wapi. Tangu hapo alama inaweza kuonekana mara nyingi machoni na kuwa adimu sana kwenye hesabu. Madubwi ya mitaani na sloti za simuni ni wajukuu wa wazo hilo.

Kwa huyo mbweha mwenyewe, nimempenda tangu nilipoanza kusoma ngano za Kijapani, na inaniuma kumwona akifanywa kibandiko. Wajapani humwita kitsune. Mbweha weupe ni wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga, na yale malango mekundu uliyoyaona yapo kweli, maelfu yake, kwenye hekalu la Fushimi Inari mjini Kyoto. Kadiri kitsune anavyozeeka na kupata nguvu ndivyo mikia inavyoongezeka, hadi tisa. Na hila yake inayosimuliwa sana ni hii: huja kwa mfanyabiashara akiwa na sura ya binadamu, analipa fedha nzuri, na mfanyabiashara akifungua baadaye anakuta majani ya miti. Wavuvi nao wana wao, Ebisu, ambaye huchorwa ameshika ndoana na samaki mwekundu. Lakini ndani ya programu hizi ni picha tu. Kampuni inaweza kuchukua hesabu ileile, leo ikaivika mbweha, kesho ikaivika farao wa Misri. Huko Japani kwenyewe, kucheza kasino ya mtandaoni ni kosa la jinai.

Kinachonikera zaidi ya picha ni ngoma. Umecheza 200, mchezo umekurudishia 60, halafu taa zinawaka, ngoma zinalia, mbweha anaruka. Umepoteza 140 lakini umeshangiliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapima wachezaji kwa vifaa vya ngozini wakakuta kwamba mwili unausisimkia upotevu wa namna hii karibu sawa na ushindi. Fungua historia ya akaunti yako usome safu ya dau na safu ya malipo, bila sauti. Utaona mizunguko mingi uliyoikumbuka kama ushindi, kumbe ilikuwa hasara.

Programu ya kutabiri usinunue. Nitakuwa mkweli: mashine zimewahi kutabiriwa. Mwaka 2014 huko Missouri, Marekani, walinaswa watu waliokuwa wakirekodi kwa simu mashine za zamani zenye kizalishi dhaifu cha namba, yaani programu inayotoa namba nasibu, kisha wenzao wanakokotoa na kuwapa ishara ya kubonyeza. Hata Mersenne Twister, kizalishi mashuhuri kilichotengenezwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, mtu akiyaona matokeo yake ghafi 624 mfululizo anaweza kuyajua yanayofuata yote. Ndiyo maana mchezo wa hela hupaswa kutumia kizalishi cha usimbaji, cha aina inayotumika kulinda siri, ambacho hakitabiriki hivyo. Na wewe huoni namba ghafi, unaona picha, huku seva ikichota namba za wengine katikati ya zako. Mwenye uwezo wa kutabiri hilo asingekuwa na haja ya 30,000 yako.

Bado kuna swali la haki, na ni halali. Mtengenezaji mmoja huweza kutoa mchezo uleule kwa viwango kadhaa, 96, 94 au chini zaidi, na kampuni inayouendesha ikachagua. Kwa hiyo usisome 96 kwenye tangazo, fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, pale unapochezea. Kisha angalia kama kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kama haina, mahesabu yangu yote hapo juu hayana wa kuyasimamia. Kupima mwenyewe kwa kucheza hakuwezekani: kwa mchezo kama wa mfano wangu, kutofautisha 96 na 90 kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji mizunguko zaidi ya 200,000. Kwa dau lako hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 40 za kuzungushwa. Kazi hiyo ni ya maabara za ukaguzi.

Sasa 41,000. Ukirudi kuzitafuta kwa mizunguko mingine 400, kwa mfano wangu watu 33 kati ya 100 wataipata zawadi kubwa na wengi wao watakuwa wamerudisha walichopoteza. Wale 67 wataamka wakiwa wamepoteza zaidi ya 80,000, na hao hawatarudi Mwaloni na mtaji nusu, watarudi bila mtaji. Nakuomba usirudi. Piga simu huduma kwa wateja uombe akaunti yako ifungwe, ufute na programu yenyewe, na mtaji uliobaki mpe mtu unayemwamini nyumbani akushikie mpaka siku ya kununua. Kwa ukubwa wa ndoo mnazouza, upungufu huo unaweza kuufidia kidogokidogo. Niandikie giza hili likiisha, uniambie dagaa wamekwendaje.