Paka mpya ana chafya, nami nina homa

SWALI: Daktari, nimechukua paka kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa. Anapiga chafya, macho yamejaa tongotongo. Nami nimelala na homa ya mafua. Nani kamwambukiza mwenzake?

JIBU: Yaelekea hakuna. Mafua ya paka mara nyingi huletwa na virusi vyao wenyewe, hepesi na kalisi, visivyompata binadamu. Paka wakirundikana pamoja huenea upesi. Mimi nakuhofia wewe zaidi! Influenza ya binadamu, yaani homa ya mafua kama yako, huweza kumwingia paka, ingawa ni nadra. Nawa mikono kabla ya kumshika, na usilale naye mpaka upone. (Kinyume chake pia kimewahi kutokea: mwaka 2016, paka wa makao ya New York walipata influenza ya aina iitwayo H7N2, ikampata na daktari wa mifugo.)

Mfute macho kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kila jicho na pamba yake. Paka aliyeziba pua hasikii harufu, na asiposikia harufu hagusi chakula. Kipashe moto kidogo. Akisusa siku nzima au akihema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa zako usimpe kabisa: parasetamoli huua paka.