Andiko la soko la samaki limerudishwa. Tuongeze picha?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni ofisa mipango katika halmashauri moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania. Tuliandikia Wizara andiko kuomba shilingi bilioni 2.1 tujenge soko jipya la samaki kwenye diko letu, pale vyombo vinaposhusha samaki: vizimba 600, ghorofa moja na maegesho. Tulionyesha kila kizimba kitalipa ushuru wa sh 1,000 kwa siku, hivyo halmashauri itapata milioni 219 kwa mwaka na fedha zitarudi kabla ya miaka 10. Soko la sasa lina wafanyabiashara 380 wanaolipa sh 500, paa linavuja, na barafu tunaifuata mjini, kilomita 90. Andiko limerudi na maneno mawili: "Haja haijathibitishwa." Mkurugenzi anasema tuongeze kurasa na picha. Mwenzangu wa uhasibu anasema tuachane na Wizara, tuuze hati fungani, yaani tukope kwa wawekezaji na kuwalipa riba, kama Tanga. Nimfuate nani?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mkurugenzi wako mheshimu, lakini picha usiongeze. Nimefanya kazi miaka mingi upande ule wa meza unaopokea maandiko, na mengi yanayorudi yana ugonjwa mmoja: yanaanza na jengo. Ukurasa wa kwanza soko, wa pili ramani ya soko, wa tatu gharama za soko. Shida ya watu inaingizwa mwishoni ili kulitetea jengo ambalo limeshaamuliwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokuangusha. Vizimba 600 mara sh 1,000 mara siku 365, kweli ni milioni 219. Lakini hapo dikoni kwenu kuna siku 365 za samaki? Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mwezi ukikomaa taa zao hazivuti kitu, vyombo vinabaki ufukweni. Upepo wa kusi ukishika, wenye ngalawa ndogo hawatoki. Kuna Idi, kuna misiba. Weka siku 300, na hata hizo uzithibitishe kwa rekodi za ushuru za miaka mitatu au minne iliyopita.

Halafu watu. Leo mna 380. Wale 220 wa kujaza vizimba 600 wanatoka wapi? Na nani aliomba ghorofa? Mteja wa samaki hapandi ngazi, na mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani hapandi pia. Nimeona masoko ambayo juu kulibaki popo na vumbi huku wachuuzi wamerudi kupanga bidhaa kando ya barabara.

Tuseme kwa ukarimu vijae vizimba 420, yaani asilimia 70. Kwa siku 300 ni milioni 126. Toa milioni 57 ambazo wale 380 wanalipa hata usipojenga kitu. Hizo halmashauri inazo tayari, mradi haukuzileta. Zinabaki milioni 69. Sasa mlinzi, umeme, maji, kuzoa taka, kuziba paa? Andiko lako halikuyatengea hata shilingi. Nikikisia milioni 30 kwa mwaka, unabakiwa na 39. Bilioni 2.1 ukigawanya kwa milioni 39 unapata karibu miaka 54. Na bado hatujagusa thamani ya fedha kwa wakati, yaani shilingi ya kesho haina uzito wa shilingi ya leo: hata zile milioni 219 zako, zikipokelewa mwaka wa 10, kwa kiwango cha asilimia 10 zina thamani ya takriban milioni 84 za leo. Mchambuzi hufanya hesabu hii kwa kalamu pembeni ya ukurasa wako, mwanangu, na akishaona hivyo hasomi tena kwa moyo mweupe.

Usikate tamaa lakini. Soko la samaki si lazima lijilipe kwa ushuru, na hapa ndipo ninapokutaka ukae sana. Fedha za umma zina haki ya kwenda mahali ambapo faida inaingia mifukoni mwa watu bila kupita kwenye mashine ya ushuru. Kwenye barua yako yote, sentensi iliyonishtua ni ile ya barafu. Barafu ikisafiri kilomita 90, inafika imepungua na bei imepanda. Mvuvi asiye na barafu anauza alfajiri kwa bei atakayotaja mnunuzi, kwa sababu kufika adhuhuri samaki wameanza kuchina. Hiyo ndiyo haja. Ithibitishe.

Namna ya kuithibitisha ni kwenda dikoni na daftari. Nenda wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, nenda msimu wa kaskazi na msimu wa kusi. Andika kilo zilizoshushwa, bei ya mnada wa kwanza, bei ya saa sita, na kilo zilizotupwa au kukaushwa kuwa ng'onda kwa kukosa pa kuzihifadhi. Kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, hao BMU, huwa na kumbukumbu, waombe. Waulize madalali na mama wakaangaji, kila kundi peke yake, maana dalali akiwepo mama hasemi yote. Ukirudi na takwimu ya hasara ya samaki kwa mwaka kwa shilingi, iliyokusanywa kwa mkono wako, utakuwa na kitu ambacho hakuna picha itakayokifikia.

Ndipo uweke chaguzi mezani, na zote uzipime kwa rula moja. La kwanza ni kuacha mambo yalivyo, na lipewe hesabu yake, kwa sababu kutofanya kitu nako kuna gharama. La pili: kuezeka upya soko la zamani, kutengeneza sakafu na mfereji wa maji machafu, na kufunga mtambo wa barafu na chumba cha baridi. La tatu: soko jipya la chini, bila ghorofa. La nne ndilo lenu. Nina hisia kali kwamba la pili litashinda, tena kwa sehemu ndogo ya bilioni 2.1, lakini hisia yangu isikuzuie kupima. Likishinda la tatu, litetee.

Uingereza, Wizara yao ya Fedha ina mwongozo uitwao Green Book, na andiko linatakiwa kujibu hoja tano: kwa nini mradi huu unahitajika, chaguo lipi linawafaa zaidi wananchi, litanunuliwaje, fedha zipo kweli, na nani atausimamia. Mwongozo huo pia unataka uongeze kiasi kwenye gharama kwa sababu waandishi wa miradi kwa kawaida huona mambo mepesi kuliko yalivyo. Miongozo yetu ya uwekezaji wa umma, tangu ule wa 2015, inadai mambo ya aina hiyo hiyo, na inataka wazo lichujwe kabla ya kwenda kwenye upembuzi yakinifu. Halmashauri nyingi huruka hatua hiyo ya mwanzo kwa sababu bajeti inafungwa wiki ijayo. Usikubali kukimbizwa.

Eneo nalo uliangalie kwa makini. Watu wa Dar wanakumbuka karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na karakana hiyo, iliyokaa kwenye bonde la Mto Msimbazi, ikazama kwenye mafuriko zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika, huduma ikasimama. Bonde lilijulikana kuwa bonde. Wewe unajenga ufukweni: waulize wazee maji ya bamvua kubwa yalifika wapi, na uweke alama hiyo kwenye mchoro wa mhandisi.

Kuhusu hati fungani: Mamlaka ya Maji Tanga ilifanya jambo zuri mwaka 2024 ilipouza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wanunuzi waliona wateja wa maji wanaolipa bili kila mwezi. Wewe una milioni 39 za kukisia. Riba ya asilimia 13.5 kwa bilioni 2.1 peke yake ni zaidi ya milioni 280 kwa mwaka. Mwambie mhasibu asubiri.

SWALI

Hujambo mama? Mimi ni mkaazi wa Kwale, Kenya. Kaunti hutuita kwa ushirikishwaji wa umma, tunasomewa orodha ya miradi, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mtu asiye na digrii aulize nini?

JIBU

Sijambo, ndugu yangu. Ibara ya 201 ya Katiba yenu ya 2010 inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Kwa hiyo una haki ya kusimama. Uliza kwanza: ni njia gani nyingine mliziangalia, na kwa nini mliziacha? Swali hilo ni jepesi kusema na gumu kukwepa. Mwaka 2013, kabla ya reli ya SGR ya Mombasa na Nairobi, Benki ya Dunia ilitoa uchambuzi ulioona kwamba kukarabati reli ya zamani kungetosha kwa mizigo iliyotarajiwa. Serikali ilichagua reli mpya, na treni ya abiria ikaanza 2017. Unaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga. Muhimu ni kwamba wananchi walistahili kuziona njia zote mbili na bei zake mapema.

Pili uliza nani atalipa mshahara, dawa, dizeli na mlinzi kuanzia mwaka wa pili. Zahanati isiyo na muuguzi ni nyumba tupu. Wakisema bajeti itatafutwa, omba waonyeshe ni kifungu gani cha bajeti. Na kabla hujaondoka, hakikisha swali lako limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jibu na cheo cha ofisa aliyelitoa.