Miwani ya VR kwa mkono unaotetemeka

Dada, unauliza kama mdogo wako wa Masasi, ambaye mkono wa kulia unatetemeka, ataweza kutumia hiyo programu ya VR (ulimwengu wa kompyuta unaouona ukivaa miwani maalumu) unayoitengeneza. Ataweza, ila usimlazimishe ile ishara ya kuchagua kitu kwa kubana kidole gumba na cha shahada. Miwani ya Meta Quest imekuwa ikisoma mikono kwa kamera tangu 2019, lakini kidole kinachotetemeka huwa kinaichanganya: inadhani amebana mara tatu, au hajabana kabisa.

Mpe rimoti ya miwani mkono wa kushoto kwanza. Halafu kwenye programu yako, kila jambo liwezekane kwa mkono mmoja, kusiwe na kitu cha kushika kwa mikono yote miwili. Vitufe viwe vikubwa na viwe usawa wa kifua. Kunyanyua mkono juu ya bega kunamchosha hata mzima. Mtetemo unaweza kuuchuja kwa kuchukua wastani wa mahali mkono ulipokuwa muda mfupi sana uliopita, ingawa muda huo uwe mdogo: hata nusu sekunde ni nyingi, mkono wa kwenye skrini utaanza kubaki nyuma.

Njia ninayoipenda zaidi ni kukazia: anageuza kichwa kuelekea kitufe, anatulia kidogo, kinachaguka chenyewe. Miwani ya Apple Vision Pro inayo njia hiyo tayari, kwa macho au kichwa (bei yake tuiache, hata korosho za msimu mzima hazifiki). Muda wa kutulia aupange mwenyewe kwenye mipangilio. Na ajaribu akiwa amekaa, kiwiko mezani.