Asili ya jina Featherstonehaugh

Ndugu uliyeuliza kama jina la ukoo Featherstonehaugh linahusu manyoya ya ndege, jibu ni hapana, ingawa tahajia yake ya leo humvuta msomaji huko, kwani feather kwa Kiingereza ni unyoya. Limetokana na mahali katika kaunti ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Wataalamu wa majina hueleza kwamba kwa Kiingereza cha kale sehemu ya kwanza ilimaanisha nne na ya pili jiwe, yaani mawe matatu yaliyosimamishwa na la nne kulazwa juu yake, ilhali haugh ni ardhi tambarare kando ya mto, ambao hapo ni South Tyne. Kinachostaajabisha zaidi ni matamshi, kwani herufi zote 17 mara nyingi hutamkwa “Fansho” tu. Ukoo uliomiliki jumba la Uppark, Sussex, kusini mwa Uingereza, uliandika jina hilo kwa tahajia tofauti kidogo: Fetherstonhaugh.