Kwa nini tusiendeleze kampaundi ya mmea kama ilivyo?

Swali: Tumetenga kampaundi kutoka kwenye mmea, nayo inaua seli za saratani maabara hata kwa kiwango kidogo. Kwa nini tunashauriwa kuunda molekuli zinazofanana nayo badala ya kuiendeleza yenyewe?

Jibu: Kuua seli ndani ya sahani ya maabara ni hatua ya mwanzo tu. Dawa inapaswa pia kuyeyuka, kudumu mwilini kwa muda wa kutosha na kuziepusha seli zenye afya, na ni nadra kampaundi ya asili kuyatimiza yote hayo.

Chukua kamptotesini, iliyotengwa kutoka kwenye mti wa Kichina na kutangazwa na wanakemia Wall na Wani mwaka 1966. Hunasa topoisomerasi I, kimeng'enya kinacholegeza msokoto wa DNA, kikiwa kimeshikana na DNA hiyo, na seli inayojigawa hufa. Kwa kuwa haiyeyuki vizuri majini, wagonjwa wa majaribio ya awali walipewa chumvi yake ya sodiamu, ambayo hupatikana kwa kufungua pete ya laktoni (atomi zilizoungana kama duara), sehemu ile ile inayoipa dawa nguvu. Matokeo yalikuwa hafifu. Na mbaya zaidi, ndani ya mkojo wenye asidi pete ilijifunga upya na kujeruhi kibofu. Wanakemia waliofuata waliiacha pete hiyo bila kuigusa, wakabadilisha upande wa pili wa molekuli. Ndivyo zilivyopatikana dawa mbili: topotekani iliongezewa kikundi chenye naitrojeni kinachoisaidia kuyeyuka, na irinotekani ikapewa mkia ambao vimeng'enya vya mwili, hasa vya ini, huukata ili kuiachilia dawa yenyewe. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Sababu nyingine ni upatikanaji. Kilo 600 za sifongo wa baharini zilitoa miligramu 12.5 tu za halikondrini B, kampaundi inayoua seli za saratani. Eribulini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa mwaka 2010, ni sehemu iliyorahisishwa ya molekuli hiyo, nayo huundwa yote maabara.

Kwa hiyo anzeni kwa kutambua kasoro ya kampaundi yenu, kisha badilisheni sehemu moja moja mkipima pia seli zisizo za saratani. Msidhani kwamba molekuli mpya itafanya kazi kwa njia ile ile: podofilotoksini, kampaundi ya mmea, hushika tubulini (protini ya kiunzi cha seli), lakini dawa ya etoposaidi iliyotokana nayo huzuia topoisomerasi II, kimeng'enya kingine cha DNA. Kila molekuli mnayoichagua ichunguzwe upya namna inavyoua seli, kabla ya kujaribiwa kwa wanyama.