Soma riwaya kama mtu asiye na mtihani kesho

Juzi niliandika kwamba tangu mwaka uanze nimemaliza riwaya tano za Kiswahili. Niliandika kwa furaha tu, sikutegemea kitu. Usiku wa saa tatu ukaingia ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake:

"Dada, hongera sana. Mimi nina vitabu vitatu kabatini tangu mwaka juzi, nikifungua nasinzia. Riwaya ya mwisho kuimaliza ilikuwa kidato cha sita, na kusema kweli hata hiyo niliisomea uchambuzi. Wewe unafanyaje?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nne. Sentensi ya uchambuzi ndiyo iliyonichoma, maana hata mimi nilipita njia hiyohiyo. Basi ngoja nimjibu hapa hadharani, najua hayuko peke yake.

Kidato cha tano na sita nilisoma mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Riwaya mojawapo tuliyopangiwa ilikuwa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini na nakala mbili za kitabu, moja haina jalada. Kwa hiyo mwalimu alifanya kilichokuwa kikifanyika kila mahali: alijaza ubao. Dhamira. Migogoro. Ujumbe. Falsafa. Msimamo. Nafasi ya mwanamke, na chini yake: "Yasmin amechorwa kama mwanamke jasiri." Tukanakili, tukakariri, tukarudisha vilevile kwenye karatasi ya majibu.

Lakini mimi Ijumaa moja niliazima ile nakala isiyo na jalada. Nikaisoma wikendi nzima nimejilaza juu ya kitanda cha bweni, chakula cha Jumamosi usiku sikukumbuka. Yasmin ni binti mdogo wa Kihindi, Unguja ya wakati wa Waingereza, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa kumzaa. Anapelekwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na ndugu zake wenyewe wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na roho kubwa. Nililia pale. Nilikuwa na miaka kumi na nane na sikuwahi kulilia kitabu.

Jaribio lililofuata nikaandika nilichokiona. Niliandika kwamba Denge, yule kijana mdai uhuru, anapigania nchi na watu wote wanamsifu, ila aliyemkomboa Yasmin siku ile hana pa kulala ni Mwajuma, na kwamba bila Mwajuma hakuna kitabu. Nikapata nne kwa ishirini. Pembeni kalamu nyekundu iliandika: "Haya umeyatoa wapi?" Halafu jibu langu likasomwa mbele ya darasa zima kama mfano wa mwanafunzi anayejitungia. Watu walicheka mpaka wengine wakagonga madawati.

Nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto, na bado nikilikumbuka lile darasa masikio yanapata moto. Kuanzia siku ile niliandika kilichokuwa ubaoni. Nikafaulu vizuri sana. Na nikakaa miaka kumi na minne bila kufungua riwaya ya Kiswahili.

Miaka hiyo kumi na minne sina la kuisimulia. Kazi, ndoa, simu.

Mwanzoni mwa mwaka huu, nikiwa Posta, Dar es Salaam, nikawakuta wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, na Vuta n'kuvute ilikuwepo pale, imekunjika kona, ina jina la mwanafunzi fulani na namba ya darasa. Nikainunua bila hata kuomba punguzo. Nikaanza kuisoma kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi Kimara asubuhi, na ndani ya gari nikaisoma nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Nilifika Kivukoni nikiwa nimesahau kushuka kituo changu. Niliporudia sehemu ile ya Mwajuma, nililia tena, safari hii mbele za watu. Nikasema kimoyomoyo: nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi tangu nina miaka kumi na nane.

Na leo naongeza ambalo sikuliona wakati ule. Adam Shafi anajua kumwandika mtu akiwa na njaa, akiwa na aibu, akiwa na hamu ya kwenda ngomani. Siasa ya kudai uhuru inaingia kupitia vyumba, vibaraza na taarabu, hakupandishi jukwaani akuhutubie. Pale ambapo Denge na wenzake wanaanza kujadiliana mambo ya chama kurasa zinakuwa nzito, mimi nilizipitia haraka, na nakuruhusu uzipitie haraka. Kitabu kilitoka mwaka 1999 na mwaka 2021 Amil Shivji akakitolea filamu. Filamu ni nzuri. Soma kitabu kwanza.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo: rudia kile walichokuharibia shuleni. Usianze na kitabu kigeni ambacho watu wanakisifia mtandaoni. Anza na kile ambacho ulikikariri bila kukisoma, maana majina unayajua tayari, hutapotea.

Baada ya hapo nikachukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Hii niliisoma kwa hasira. Maksuudi anamfungia binti yake ndani, dirishani tu, huku yeye mwenyewe nje anafanya kila aina ya uchafu, na bado anataka watu wamchague awe kiongozi. Nimekulia jirani na mtu wa namna hiyo kabisa. Maimuna anapotoka mle ndani hajui lolote, hajui hata ubaya unafananaje, kwa hiyo dunia inamla kirahisi. Mwandishi yule ana Kiswahili cha Unguja na Pemba kilichojaa, ukurasa mmoja nilikutana na maneno sita nisiyoyajua. Sikufungua kamusi. Niliendelea, na kufikia katikati ya kitabu maneno yalikuwa yamejieleza yenyewe. Hilo nalo lishike: ukikutana na neno gumu pita, usisimamishe gari kila penye tuta.

Nikaunganisha na Rosa Mistika ya Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, riwaya yake ya kwanza, mwaka 1971. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukiisoma utaelewa nani aliogopa nini. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, anamtia woga wa wanaume, halafu anampeleka shule ya bweni akidhani kazi imekwisha. Nilizisoma hizi mbili mfululizo na nasisitiza mzisome mfululizo. Baba wa Unguja na baba wa Ukerewe, Mwislamu na Mkristo, mwenye mali na mlevi, na kosa ni moja. Ila Kezilahabi ana mkono mkavu zaidi. Hampi Rosa pumzi. Mchumba aliyesubiriwa miaka anamkataa kwa sababu ya ubikira, na mwandishi hasemi hata neno moja la kumfuta machozi. Niliweka kitabu chini nikaenda kumwangalia binti yangu amelala. Ana miaka tisa. Kesho yake asubuhi nilipotaka kumkaripia kwa jambo dogo, nilinyamaza.

Wako watakaosema ni kitabu cha matusi. Niliambiwa hivyo na mtu mzima ninayemheshimu. Nilimuuliza kama amekisoma, akasema hapana, amesikia.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, naomba Wakenya mnisamehe. Najua mnaipenda, na mimi naipenda, lakini nina malalamiko. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na Tanga ile imeandikwa kwa upendo kiasi kwamba nilisikia harufu ya bahari. Mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji, anakaa kichwani mwako hata akishatoka kwenye hadithi. Lakini bahati ni nyingi mno. Kila anapokwama anatokea mtu. Mimi maishani nimekwama mara nyingi na hakutokea mtu. Hata hivyo nilimaliza kwa siku nne, kwa sababu Kiswahili cha Walibora ni kisafi na kinateleza, methali zinakaa mahali pake. Kwa anayesinzia akifungua kitabu, kama dada yetu wa Morogoro, anza na hiki ukishamaliza kile cha shule. Kurasa kumi kila usiku kabla ya kushika simu. Nimesema kabla ya kushika simu, maana ukishaishika umekwisha.

Nimejaribu pia Nagona ya huyohuyo Kezilahabi, ile nyembamba ya mwaka 1990. Sijaihesabu kwenye zile tano. Nimeifungua mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, na kwa sauti kuna kitu kilianza kusikika, kama ndoto inayosimuliwa na mtu mwenye homa. Bado sijaielewa. Nimeirudisha mezani na itanisubiri, na mimi nitarudi.

Sasa ya tano, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote. Peponi, ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatutolea tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtoto wa Unguja aliandika habari za pwani yetu na bara yetu, na sisi tukasubiri karibu miaka thelathini kuzisoma kwa lugha ambayo watu wale wangezungumza. Inaniuma, na nashukuru pia.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, na siku moja mtoto anapandishwa treni kwenda pwani akidhani anasafiri na ndugu. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemweleza ukweli: yule si ndugu yako, wewe umewekwa rehani, kama nilivyowekwa mimi. Kisha kuna safari ya bara na wapagazi, homa, hongo za machifu, na Wajerumani wanaosikika kwa mbali, halafu kwa karibu. Sifa zilizotolewa kuhusu safari hizo ni za haki. Lakini mimi nilikaa sana kwenye bustani ya tajiri, kwa mzee Hamdani, mtumwa anayeitunza. Bibi wa nyumba aliwahi kumpa uhuru wake, akaukataa. Yusuf anashangaa. Na mzee anauliza: nani alimwambia yule kwamba uhuru huo ulikuwa wake kutoa?

Nilifika hapo nikiwa sebuleni kwa mama yangu, Jumapili jioni. Mama aliishia darasa la saba na macho yake sasa hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti. Nilipomaliza sehemu ile mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akakaa kimya, halafu akaanza kunieleza habari za bibi yake mzaa baba, ambazo sijawahi kuzisikia, nami nina miaka thelathini na mitatu. Alizungumza mpaka mchele ukasahaulika, tukala mkate.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, hebu tuambiane ukweli. Tunasema hatuna muda, na muda tunao, unaliwa na video za watu wanaocheza. Tunasema vitabu ni ghali, na vya mtumba vipo, maktaba zipo, na kuna rafiki mwenye kitabu ambacho hakisomi. Tunasema Kiswahili cha riwaya ni kigumu, na ni lugha tuliyonyonya. Tulifundishwa kutafuta dhamira kabla ya kumjua mtu. Mjue mtu kwanza! Kaa na Yasmin, kaa na Rosa, kaa na Khalil. Usijiulize mwandishi ana msimamo gani. Kurasa kumi kila usiku, kabla ya simu. Ukisinzia, soma kwa sauti. Ukiwa na mtu nyumbani, msomee. Na ukiona kitu ambacho hakikuwa ubaoni, kiandike pembeni ya ukurasa kwa penseli, hakuna atakayekuwekea kalamu nyekundu.

Dada wa Morogoro, uliniuliza nafanyaje. Nafanya hivyo tu, sina siri nyingine. Niambie ni vitabu gani vitatu viko kabatini, nitakwambia uanze na kipi. Mimi jana nilikwenda kwa mama kuchukua Peponi yangu, akakataa kuitoa. Amempa mjukuu wa jirani, kijana wa kidato cha tatu, aje kumsomea kila siku baada ya Alasiri, na wameshafika pale Yusuf anaporudi pwani.